Juu ya Magadi, na Wajibu wa Kubainisha Kilichomo Katika Chakula

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na kutuharimishia vilivyo viovu. Na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zetu wa pwani, wa Tanga na Pangani, wa Mombasa na Unguja, wengi wenu mna jamaa Moshi. Tangu reli ya kutoka Tanga ilipofika mji huo, kabla ya Vita Vikuu vya kwanza, watu wetu wamekuwa wakipanda na kushuka kwa biashara, na wengine wameoa huko na kuzaa huko, na makaburi ya wazee wao yako huko. Basi jambo hili tulielezalo, ingawa kisa chake ni cha mlimani, si la Wachaga peke yao. Ni letu pia, kwani kitu chenyewe chauzwa hata katika masoko yetu, na katika vyungu vyetu chatiwa.

Kitu chenyewe ni magadi.

Hapana asiyeyajua. Ni yale mawe meupe, au ya rangi ya udongo, yauzwayo kwa mafungu juu ya gunia, karibu na dagaa na maharage makavu. Asili yake ni chumvi inayobaki juu ya ardhi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yanapokauka kwa jua, kama Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya. Mengine si ya ziwani, bali hukwanguliwa juu ya udongo wa tambarare wakati wa kiangazi, yakaja sokoni yamechanganyika na mchanga. Mpishi akiyatia kidogo, maharage ambayo yangekaa motoni tangu asubuhi hata alasiri huiva upesi, na mboga za majani hubaki na rangi yake. Huko mlimani hutiwa katika makande, na katika kiburu, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Wala hatumlaumu mama wa nyumba. Kuni ni ghali, mkaa ni ghali zaidi, na anayepunguza saa mbili za moto amepunguza gharama ya kweli.

Lakini ndani ya magadi mna kitu kingine ambacho jicho halikioni wala ulimi haukitambui, nacho ni floraidi. Kitu hiki kikiwa kidogo huyakinga meno yasioze, ndiyo maana hutiwa katika dawa za kusugulia meno. Kikizidi hugeuka dhara. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Katika nchi zenye milima iliyotoka kwa moto, kama Kilimanjaro na Meru, miamba ina floraidi nyingi, na maji yapitayo humo huichukua. Na ziwa lisilo na pa kutokea, kama Natron, hukusanya yote yaliyoletwa na mito, kisha jua hulikausha, ikabaki chumvi pamoja na hiyo floraidi yake.

Dhara yake huanza menoni. Jino la mtoto hujengwa ndani ya ufizi kabla halijatoka, na miaka ya kujengwa kwake ni tangu utoto wa kunyonya hata kufikia kama miaka 8. Floraidi ikizidi katika miaka hiyo, ganda la jino halikamiliki. Hutoka lina mistari myeupe kama chaki, kisha huingia rangi ya kahawia, na mambo yakizidi jino humeguka. Rangi hiyo haitoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Na floraidi ikiwa nyingi sana kwa muda wa miaka mingi, hufika mifupani ikaleta ukakamavu wa viungo, na watoto wengine miguu ikapinda.

Zingatieni sana hapa, maana ndipo watu wanapopotea. Mtu mzima aliyetoka Tanga na meno yake meupe, akakaa Moshi miaka ishirini akila makande yenye magadi, meno yake hayageuki, kwa kuwa yalikwisha kujengwa. Basi husema: mimi nayala, wala sioni kitu. Asema kweli juu ya kinywa chake, lakini si juu ya kinywa cha mwanawe, aliyeanza kulishwa maharage yaliyopondwa siku alipoachishwa ziwa. Na mwana akitoa meno ya kahawia, baba husema ni maji ya huku, au ni mambo ya kurithi, au husema mtoto hapigi mswaki, akamtukana bure.

Hilo la maji lina ukweli mahali pengi, wala hatulikanushi. Lakini mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa waganga wa meno juu ya watoto wa Tanzania, na katika mahali walipopachunguza mlikuwa na Rundugai na Kibosho, zote mbili za upande wa Moshi. Rundugai iko bondeni, kama mita 840 juu ya bahari, na maji yake yalikuwa na floraidi kiasi cha miligramu 4 kwa lita. Kibosho iko mlimani, kama mita 1,463, na maji yake, ambayo ni maji ya mlima, hayakufikia hata miligramu 0.2. Kwa hisabati ya maji, watoto wa Kibosho wangekuwa na meno safi kama ya watoto wa Unguja. Haikuwa hivyo. Meno yao yaliharibika karibu sawasawa na meno ya watoto wa Rundugai! Na mwaka mmoja kabla yake, 1997, daktari Mabelya na wenziwe walikuwa wamekwisha kuandika juu ya magadi yenyewe, wakaonyesha kuwa katika vijiji ambavyo maji yake hayana floraidi ya kutisha, magadi ya chunguni huweza kuleta dhara ile ile.

Kwa uadilifu ni lazima tuseme kwamba wale wa 1998 hawakuyatwisha magadi mzigo wote. Walitaja pia mahali penyewe palivyo juu, na vitu vingine vilivyomo katika magadi, na upungufu wa lishe. Wala magadi yote si sawa. Hayo yaliyopimwa yalitofautiana mno, mengine yakiwa na floraidi mara mia na zaidi kuliko mengine. Na kwa maoni yetu hilo la kutofautiana ndilo baya kuliko yote. Lau yangekuwa yote mamoja, mtu angesema: tia nusu ya ulivyokuwa ukitia. Sasa atapima nini? Fungu la shilingi kadhaa alilonunua juma lililopita na fungu alilonunua leo kwa bei ile ile, kwa muuzaji yule yule, pengine ni vitu viwili mbalimbali, na macho hayatofautishi.

Tukiyajua hayo, na tuitazame sheria yetu yasemaje.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwa mtu mwenye fungu la chakula, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye chakula ni habari gani hii, naye akajibu kuwa ni mvua iliyokinyea. Mtume akamuuliza mbona hakuuweka huo umaji juu, ili watu wauone. Kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Wengi wetu tumeisikia habari hii, na tumeishika kwa upande wa ghushi, yaani mtu atiaye maji katika maziwa au mchanga katika ufuta. Lakini tuiangalie vyema. Mtu yule hakutia maji, mvua ndiyo iliyotia. Wala hatukupata kusikia katika habari hii kwamba aliamrishwa akitupe chakula chake. Alichotakiwa ni kukiweka juu kilichokuwa chini, mnunuzi akione, kisha anunue au aache kwa hiari yake. Basi kosa lilikuwa ni kuficha.

Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelieleza jambo hili katika milango ya biashara. Muuzaji ajuaye kasoro ya bidhaa yake ni wajibu wake kuibainisha. Asipoijua, dhambi humwondokea, lakini haki ya mnunuzi haiondoki. Huyo ana khiyari ya kurudisha kitu kwa ajili ya kasoro iliyokuwamo kabla hajakipokea. Na wamesema zaidi, kwamba hata mtu wa kando, asiyekuwa muuzaji wala mnunuzi, akiijua kasoro ile na akamwona mwenziwe anataka kununua, yampasa amwambie. Sasa fikirini khiyari hiyo katika magadi. Mtu aweza kurudisha ng'ombe kilema, aweza kurudisha nguo iliyotoboka. Atarudishaje maharage yaliyokwisha liwa, na jino lililokwisha kutoka?

Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwako msimamizi wa soko, aliyeitwa muhtasib, na vitabu vya kuwafundisha watu hao kazi yao vingalipo hata leo. Mmoja wa waandishi wake ni Shayzari wa Sham, wa karne ya 12, aliyeeleza kazi za soko moja moja pamoja na hila zake. Wazungu nao walilifikia jambo hili kwa njia ya msiba. Mwaka 1858, katika mji wa Bradford huko Uingereza, mtengeneza peremende alizoea kupunguza sukari kwa kutia unga wa jasi, ambao ni rahisi. Kijana wa dukani akachota katika pipa lisilokuwa na kibandiko cha wazi, na kilichokuwamo ni sumu ya panya, yaani aseniki. Watu kama 20 walikufa, na zaidi ya 200 waliugua. Walioshitakiwa hawakutiwa hatiani, kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kuwahukumu. Mwaka 1860 ndipo Bunge lao lilipopitisha sheria ya kwanza ya jumla ya kuzuia ghushi katika chakula, na Marekani walitunga yao mwaka 1906.

Mwaka 1963 mataifa, kwa njia ya mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, yaliunda baraza la Codex Alimentarius la kuweka viwango vya chakula. Kwa mujibu wa viwango hivyo, chakula kilichofungwa kikauzwa lazima kiandikwe jina lake, na vitu vyote vilivyomo, kilicho kingi kwa uzito kikitangulia na kilicho kidogo kikifuatia. Na uzito wake, na jina na mahali pa mwenye kukitengeneza, na tarehe. Na kitu kinachotiwa ili kuhifadhi, au kutia rangi, au kulainisha, sharti kitajwe kazi yake pamoja na jina lake au nambari yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mambo haya. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilitungwa mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, ambalo kwa ufupi huitwa TBS.

Na hapa pana ajabu ambayo yatupasa tusimame tuitazame. Katika hesabu hiyo ya vitu vinavyotiwa chakulani, magadi yana nambari yake. Ni nambari 500. Humo mna soda ya kufulia, na soda ya kuumulia mikate, na hicho kilicho katikati yake, ambacho ndicho asili ya magadi. Shikeni pakiti ya biskuti mkaisome, mara nyingi mtaikuta hiyo 500. Basi kitu kilichosafishwa kiwandani, kikatiwa chembe tu katika biskuti ya mtoto, kimeamrishwa kitajwe, na usafi wake umewekewa kipimo. Na ndugu yake asiyesafishwa, aliyekwanguliwa ardhini pamoja na mchanga na floraidi, akatiwa kwa vidole vitatu katika chungu cha watu kumi, hana karatasi, hana nambari, hana mwenye kuulizwa. Si kwamba watu wa serikali wamelala. Ni kwamba sheria ya kibandiko yashika kilichofungwa, na fungu la juu ya gunia halina pa kubandikwa.

Akisema msemaji: magadi ni kitu cha asili, wazee wetu wameyala, na vibaya ni hivyo vya viwandani vyenye nambari. Tutamjibu kwamba asili si hoja. Aseniki nayo ni ya asili, hutoka ardhini. Wala kutiwa kitu si ubaya kwa nafsi yake. Chumvi tuinunuayo leo imetiwa madini joto, ili watu wa nchi za milimani wasitoke rovu, na hilo ni jambo la kheri. Lakini limepimwa, na limeandikwa juu ya mfuko. Tofauti iko katika mambo mawili hayo, kipimo na bayana. Na nambari inayoogopwa na wengi ni bayana ile ile. Kuiogopa kwa kuwa ni nambari tu ni kama kumwogopa mtu kwa sababu amekutajia jina lake.

Tena kwa Mwislamu nambari hizo zina faida nyingine, na kwa kuwa wengi wameuliza tutaitaja kwa mkato, maana sio iliyotuleta hapa. Kiwango cha Codex cha kuandika vibandiko kimeamrisha kwamba mafuta ya nguruwe na mafuta ya ng'ombe yatajwe kwa majina yake daima, yasifichwe chini ya neno mafuta peke yake. Hilo ni la kutusaidia. Lakini nambari 471 ni kitu kinachotengenezwa kwa mafuta, ama ya mimea ama ya mnyama, na kibandiko hakikulazimishwa kusema ni yapi. Nambari 120 ni rangi nyekundu itokayo kwa wadudu. Na jeleteni hutoka katika ngozi na mifupa ya wanyama, nguruwe akiwemo. Wako wanazuoni, khasa wa madhehebu ya Hanafi, waliosema kuwa kitu kikigeuka kabisa hukumu yake hugeuka; na madhehebu ya Shafi yamebana zaidi, kama vile tembo iliyogeuka siki kwa nafsi yake na ngozi iliyodabighiwa. Asiyejua na awaulize wenye elimu.

Turudi kwa magadi. Sisi hatusemi kuwa ni haramu. Kuharimisha si kazi ya kalamu nyepesi, na mtu mzima mwenye meno yake kamili akiyatia kidogo hatuna hoja ya kumzuia, ingawa apishaye maharage kwa magadi hupoteza sehemu ya vitamini B1 iliyomo, na mwenye maradhi ya shinikizo la damu hana haja ya kuongeza sodiamu. Tulisemalo ni juu ya mtoto aliye chini ya miaka 8. Huyo hakuchagua, wala hana khiyari, na dhara yake ikithibiti haiondoki. Na aliyemsimamia ndiye mwenye kuulizwa. Meno ya kahawia yaonekana ni jambo dogo kwa mzee aliyekwisha kung'oka yake. Si dogo kwa binti anayeziba mdomo kwa mkono kila anapocheka, wala kwa kijana anayekwenda kuomba kazi ya kupokea wageni Moshi mjini, akaambiwa arudi siku nyingine.

Wala jambo hili msiliache kwa wanawake, mkasema ni la jikoni. Aendaye sokoni kwa jumla, na kupakia magunia kwenye lori, na kupanga bei, aghalabu ni sisi wanaume. Mwenye kununua magadi kwa gunia aulize yametoka wapi, ya ziwani au ya kukwangua, na asichanganye haya na yale. Wafanyabiashara watatu wanne wakichangiana, waweza kupeleka chembe za magunia yao kwa Mkemia Mkuu wa Serikali yakapimwa. Na aliyekwisha kujua, iwe amepima au hakupima, na aweke ubao juu ya fungu, au karatasi tu, iandikwe kwa Kiswahili cha wazi: Magadi haya yaweza kuwa na floraidi nyingi, usimtilie mtoto. Huo ndio umaji uliowekwa juu ya fungu. Atasema: nikiandika hivyo hawatanunua. Huenda. Lakini hiyo ndiyo maana ya kuwa mnunuzi ana hiari.

Na katika nyumba, maharage huiva bila ya magadi. Yalowekwe tangu usiku katika maji mengi, asubuhi maji hayo yamwagwe yatiwe mengine, chungu kifunikwe vyema, na nyanya au ndimu isitiwe mpaka maharage yamelainika, maana uchachu huyafanya yakae magumu. Maharage ya mwaka jana ni magumu kuliko mapya, basi anunuaye na aulize umri wake. Na nyumba isiyoweza kuyaacha magadi kwa ajili ya wakubwa, sehemu ya mtoto na itolewe kwanza katika chungu kabla ya kuyatia. Ama yaliyobaki ndani ya kopo, usimpe jirani kwa chakula bila ya kumwambia. Yanafaa kufulia nguo, na huondoa mafuta.

Wallahu aalam.